Maswali ya Wasomaji: Je, Paulo alitukataza kulia?

Mfuko wa barua mwezi huu umejaa furaha. Namaanisha maswali juu ya furaha. Sijui ni upepo gani umevuma. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitakaa nayo, zile nyingine mtanisamehe nikizipitia mbiombio.

Mwalimu, shikamoo. Mimi nauza dagaa hapa Mwaloni, Kirumba. Mdogo wangu wa mwisho aliingia ziwani usiku wa giza kuvua, upepo ukawakuta mbali, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa. Yeye alionekana baada ya siku kadhaa, upande wa Kayenze. Tangu tumzike, kila nikilia kanisani naambiwa, "Dada, Biblia inasema furahini sikuzote, hiyo ni amri, machozi yako yanaonyesha huna imani." Mzee mmoja wa kanisa akaongeza kwamba furaha ya Kigiriki si hii yetu, ni kitu cha rohoni kisichojua kicheko wala kilio, kwa hiyo aliyeokoka halii. Mimi Kigiriki sikijui. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, mbona mimi nashindwa?
*Muuza dagaa, Kirumba*

Marahaba, mwanangu. Pole. Pole sana. Sisi tunaoishi kandokando ya ziwa hili tunajua ilivyo kusimama mwaloni alfajiri, mitumbwi inaingia mmoja mmoja na taa zimeshazimwa, unahesabu, unarudia kuhesabu, na mmoja haumo.

Swali lako nalijibu kwa neno moja kwanza, maelezo baadaye: lia.

Sasa huyo mzee wako wa kanisa. Hoja yake nimeisikia kwenye mahubiri mengi, na watu wanaiogopa kwa sababu imevaa joho la Kigiriki. Inadai kwamba kuna furaha ya dunia, inayokuja na kuondoka, halafu kuna *khara*, neno la Agano Jipya, ambalo halisikii habari njema wala mbaya. Wagiriki wenyewe wangeshangaa. *Khara* lilikuwa neno la njiani na sokoni. Kitenzi chake, *khairo*, ndicho walichosalimiana nacho: *khaire* kwa mtu mmoja, *khairete* kwa wengi. Ndicho walichofungulia barua. Katika mchanga wa Misri, hasa pale Oxyrhynchus, yamechimbuliwa maelfu ya maandishi ya mafunjo, zikiwemo barua za watu wa kawaida wakiulizana hali na kukumbushana mambo ya mali, na nyingi zinaanza vilevile: fulani kwa fulani, *khairein*. Yakobo naye aliufungua waraka wake hivyo, kisha katika aya ya pili akalirudia neno la ukoo uleule: hesabuni kuwa ni *khara* tupu mkiangukia katika majaribu. (Wewe mfanyabiashara utaona kwamba amesema hesabuni. Hakusema chekeni.) Yuda alipokwenda kumsaliti Yesu alimwambia "*khaire*, Rabi", kisha akambusu. Askari waliomvika taji ya miiba walimpigia magoti wakisema "*khaire*, Mfalme wa Wayahudi". Neno takatifu lisilogusa dunia lisingefika kwenye midomo ile.

Tena Wagiriki walilichonga hata makaburini. Jina la marehemu, kisha *khaire*. Kwenye baadhi ya mawe ya kale ya Athens wamechongwa watu wawili wameshikana mikono, mmoja ameketi, mwingine amesimama, wanaagana. Neno la furaha liko kaburini pale, na waliolichonga ni wafiwa.

Ukitaka kuona *khara* ya Agano Jipya inavyofanya kazi mwilini mwa mtu, fungua Matendo sura ya 12. Petro ametoka gerezani usiku, anabisha mlangoni. Msichana aitwaye Roda anaijua sauti yake, na kwa *khara* anasahau kumfungulia! Anapiga mbio ndani kuwapa wenzake habari, huku mtume mzima amebaki nje anaendelea kubisha na askari wa Herode wanaweza kutokea wakati wowote. Hiyo ndiyo khara ya Luka: ina miguu, na inampotezea mtu akili kidogo. Au mamajusi walipoiona nyota: Mathayo anasema walifurahi furaha kubwa mno, na kwa Kigiriki amerundika maneno kama mtu aliyekosa la kusema.

Kwa hiyo hiyo habari ya khara isiyosikia kitu imetoka wapi? Nitakuambia, na hapa mzee wako asikilize vizuri. Katika karne ya kwanza walikuwepo watu walioitenga khara hivyo hasa. Ni Wastoiko, wale wanafalsafa ambao Matendo 17 inasema Paulo alikutana nao Athens. Wao waliigawa mioyo ya watu kwa mpango. Kwa mtu asiye na hekima kuna mihemko minne: tamaa, hofu, anasa na huzuni. Kwa mwenye hekima kuna hali njema: badala ya tamaa ana nia njema, badala ya hofu ana tahadhari, badala ya anasa ana khara. Hesabu mwenyewe: kwa mpumbavu ni nne, kwa mwenye hekima ni tatu. Iliyokosa mwenzake ni huzuni, *lupe*. Walisema mwenye hekima hana sababu ya kuhuzunika, basi. Mmoja wao aliyesifika sana huko Roma, Seneca, alikuwa ndugu yake Galio, yule liwali aliyewafukuza barazani watu waliomshitaki Paulo kule Korintho. Dunia yao ilikuwa ndogo, na mafundisho hayo Paulo hakuyakosa kuyasikia.

Sasa msome Paulo. Waraka kwa Wafilipi una aya 104 tu, na ukihesabu khara, kitenzi chake, na kile kitenzi cha kufurahi pamoja, unapata mara 16. Ni waraka wa furaha, nao umetoka kifungoni. Hiyo amri yako imo humo, 4:4: "Furahini katika Bwana sikuzote, tena nasema, Furahini." Lakini rudi nyuma sura mbili. Wafilipi walikuwa wamemtuma mtu aitwaye Epafrodito ampelekee Paulo msaada. Akaugua huko, karibu na kufa. Akapona. Paulo anaandika kwamba Mungu alimhurumia Epafrodito, na pia alimhurumia yeye Paulo, asiwe na "huzuni juu ya huzuni".

Pima uzito wa maneno hayo. Kwanza, anakiri kwamba huzuni moja tayari anayo, ndani ya waraka huohuo wa furaha. Pili, kama rafiki yake angekufa, angeongezewa ya pili, na haoni haya kusema. Hasemi kwamba angepiga makofi. Tena anasema anamrudisha Epafrodito haraka ili wao wafurahi, na yeye mwenyewe huzuni yake ipungue. Ipungue, basi; hakuahidi kwamba itakwisha. Katika sura ya 3 anawataja watu fulani na kusema anaandika kwa machozi. Kisha ndipo inakuja sura ya 4, furahini. Mkono ulioandika amri ulikuwa umetoka kufuta macho.

Nao Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike? "Furahini siku zote" ya 5:16 iko ukurasa mmoja tu baada ya 4:13, ambako Paulo anazungumza na watu waliofiwa. Anawaambia wasihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Wahubiri wengi hukatiza pale kwenye "msihuzunike" na kumeza maneno yanayofuata. Paulo ametofautisha huzuni na huzuni. Hakuizika huzuni pamoja na marehemu.

Kwa Kigiriki hiyo "furahini siku zote" ni maneno mawili, *pantote khairete*, herufi 14. "Yesu akalia machozi", Yohana 11:35, ni maneno matatu, herufi 16. Nilikuwa nawaandikia wanafunzi aya hizo mbili ubaoni, moja juu ya nyingine, halafu nakaa kimya. Aliyelia pale Bethania alikuwa anajua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini. Akalia vilevile. Sasa wewe, ambaye mdogo wako bado yuko chini, nani akukataze?

Katika injili hiyohiyo, usiku wa mwisho, Yesu alitumia mfano wa mwanamke anayejifungua: ana *lupe* kwa sababu saa yake imefika, na mtoto akizaliwa ana *khara*. Hakusema uchungu wa kuzaa ulikuwa wa kuwazia tu. Baada ya chakula alikwenda Gethsemane, na Mathayo anatuambia alisema roho yake ina huzuni kiasi cha kufa. Waebrania 12:2 inasema aliustahimili msalaba kwa ajili ya furaha iliyowekwa *mbele yake*. Kilicho mbele yako hujakishika bado.

Umeuliza mbona unashindwa. Tazama hiyo amri yenyewe. *Khairete* ni ya wengi, na Kiswahili chetu kimeilinda vizuri: furahi-ni. Paulo hakumshika mfiwa mmoja kwenye kona akamwamuru afurahi. Aliliagiza kanisa zima, na kanisa zima lina siku zote ndani yake: wiki hii huyu amezaa, yule kafiwa, mwingine kapata kazi Geita. Ndiyo maana Paulo na Luka wanapenda *sunkhairo*, kufurahi pamoja. Mwanamke aliyepata sarafu yake aliwaita rafiki na majirani. Elisabeti alipojifungua, jirani na jamaa wakafurahi pamoja naye. Na Warumi 12:15 inaiweka amri pande zote mbili kwa pumzi moja: furahini pamoja nao wafurahio, lieni pamoja nao waliao. Pande zote mbili ni amri. Aliyevunja amri hapa, kwa macho yangu, ni yule aliyekuona unalia akakuhubiria badala ya kuketi.

Mzee wako akikujia tena na Kigiriki, mwonyeshe Wafilipi 2:27 na umwachie aisome kwa sauti. Na msimu huu wa mvua, hao wanaotaka kukuliwaza waambie waje asubuhi wakusaidie kuanua dagaa wingu likitanda. Najua dagaa wakilowa mara ya pili hubadilika rangi, na bei inaanguka mpaka ya chakula cha kuku.

Mwalimu, mimi ni mwanakwaya hapa Ukerewe. Kiongozi wetu mpya anatuzuia kucheza tunapoimba. Anasema furaha ya Biblia ni utulivu. Kigiriki kinasemaje?
*Sauti ya pili, Nansio*

Mambo ya kwaya yenu myamalize wenyewe. Mimi siingilii kati ya mwanakwaya na kiongozi wake, nina umri wa kutaka amani. Kigiriki ndicho nitakachosema.

Pamoja na khara kuna neno jingine, *agalliasis*. Hili hulikuti kwa waandishi wa Kigiriki wa kale wasio Wayahudi. Lilikua katika Septuaginta, ile tafsiri ya Kigiriki ya Agano la Kale, hasa Zaburini, na Wakristo wa kwanza wakalirithi humo. Hiyo ni furaha yenye sauti. Kama ningeulizwa neno la Kiswahili linalokaa nayo karibu, ningesema vigelegele. "Wapandao kwa machozi watavuna kwa kelele za furaha", Zaburi 126: hizo kelele za furaha kwa Kigiriki ni agalliasis. Mtoto tumboni mwa Elisabeti aliruka kwa agalliasis. Luka 10:21, Yesu mwenyewe alishangilia kwa Roho Mtakatifu, na kitenzi ni hichohicho. Waumini wa kwanza Yerusalemu walimega mkate nyumba kwa nyumba kwa agalliasis. Yule askari wa gereza la Filipi, aliyekuwa ameshachomoa upanga ajiue, kabla hakujapambazuka alikuwa ameandaa meza na kushangilia na nyumba yake yote.

Tena katika Luka 6:23, wanaochukiwa kwa ajili ya Mwana wa Adamu wanaambiwa wafurahi na waruke. Kitenzi *skirtao* Wagiriki walikitumia pia kwa wanyama wachanga wanaorukaruka malishoni. Sidhani Luka alikusudia kutikisa kichwa kidogo.

Wasukuma Wakatoliki wanaosherehekea Bulabo pale Bujora, kila mwaka karibu na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, ngoma za Bagika upande huu na Bagalu upande ule, hawakuhitaji kusoma Kigiriki kuligundua hilo. Lakini utulivu nao una mahali pake. Mwambie kiongozi wako nimesema hivyo, asije akadhani nimechukua upande.

Mwalimu mambo! Nasoma chuo hapa Nyegezi. Ijumaa jioni huwa tunakula bata kidogo na washkaji, samaki wa kuchoma, muziki, si ulevi. Rafiki yangu mlokole anasema hiyo ni raha, siyo furaha, na Biblia inalaani raha. Nisaidie kumjibu.
*Mwana wa Nyegezi*

Kwetu mzee husalimiwa shikamoo, lakini nimekusamehe kwa sababu ya hao samaki.

Rafiki yako ana hoja nusu. Kigiriki kina *hedone*, anasa, na Agano Jipya linalitaja mara tano tu: Luka 8:14, Tito 3:3, Yakobo 4 mara mbili, na 2 Petro 2:13. Hakuna hata moja ya sifa njema. Katika Luka ni miiba inayoisonga mbegu.

Ila karamu ina neno lake, *eufraino*, kufanya shangwe, kula na kunywa kwa moyo mkunjufu. Na hapa Luka amefanya jambo la kupendeza. Yule tajiri mpumbavu wa sura ya 12 anaiambia nafsi yake ipumzike, ile, inywe, ifurahi: eufraino. Tajiri wa sura ya 16, mwenye nguo za zambarau, anafanya shangwe kila siku: eufraino. Halafu baba wa mwana mpotevu, sura ya 15, anachinjisha ndama aliyenona, nyumba inajaa nyimbo na machezo, naye anasema imetupasa kufanya shangwe: eufraino tena, na khara juu yake. Chakula kipo kote. Mpumbavu anazungumza na nafsi yake, hakuna mtu mwingine katika hadithi nzima mpaka Mungu alipoingia usiku uleule. Tajiri wa pili ana maskini Lazaro (si yule wa Bethania) mlangoni na hamwoni. Baba wa tatu yeye anatoka nje mara mbili, mara ya kwanza kumkimbilia mdogo, mara ya pili kumbembeleza mkubwa aliyenuna aingie ale.

Kwa hiyo kuhusu hiyo Ijumaa yenu nakuuliza: nani hulipa, na nani hubaki bwenini kwa sababu hana hela? Ukiwa na jibu zuri, rafiki yako mlokole mkaribishe naye.

Mwalimu, katika safu yako unaandika khara, lakini kwenye kitabu kimoja nimeona chara. Ipi ni sahihi? Nataka nilitamke vizuri darasa la Biblia.
*Msomaji, Sengerema*

Herufi yenyewe ni χ, ya ishirini na mbili katika alfabeti yao yenye herufi 24. Wazungu huiandika ch, na ndiyo hiyo uliyoiona kitabuni, ila usiisome kama ch ya chai. Wagiriki wa leo huitamka kama kh ile ya watu wa pwani, wanaosema "kheri" kooni. Ukazo uweke mwishoni: kha-RA. *Kharis*, neema, ukazo uko mwanzoni: KHA-ris. Maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja, pamoja na *eukharistia*, shukrani, ambayo Wakatoliki wa Sengerema wanaijua kwa jina la Ekaristi. Paulo aliutumia udugu huo kila alipofungua barua: mahali ambapo watu wote waliandika khairein, yeye aliandika kharis, neema, akaiongezea amani ya Kiyahudi.

Jitahidi tu hiyo kh itoke kooni barabara. Ukiilegeza ikawa h tupu, darasa zima litasikia habari za tumbo la kuhara, na hutawarudisha tena kwenye Biblia siku hiyo. Nimefundisha somo hilo, najua ninachosema.

Barua za mwezi ujao ziandikwe kwa mwandiko unaosomeka, tafadhali. Iliyotoka Magu bado naifumbua.